Jozi Tatu za Spika za Masikioni, Kigali hadi Morogoro

Clarisse, Yusufu, na ninyi wengine wa ofisini: tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza maswali mawili. Clarisse anauliza harusi ilikuwaje, Yusufu anauliza kama spika zake zimeshinda. Nimechoka kuwajibu vipandevipande kwenye ngazi za ofisi hapa Kimihurura, kwa hiyo nimekaa chini niwaandikie yote kwa mara moja. Mambo ya tiketi na pasipoti nayaruka, kila mtu anayajua na hayamfurahishi mtu.

Mnakumbuka mabishano yenyewe. Clarisse alisema spika zake nyeupe zisizo na waya ndizo nzuri kuliko zote za bei ya kawaida, kwa sababu hazikazi sikio. Yusufu akasema zake nyeusi, zenye vipira vinavyoziba tundu la sikio, zina besi ya kutikisa kifua. Mimi nilikuwa na zangu za waya, nilizonunua Gatsata kwa muuza chaja, nanyi wote wawili mlizicheka. Mkaamua kwamba mtu anayekwenda kwa basi mpaka Morogoro ana muda wa kutosha kuwa hakimu, mkanikabidhi zenu.

Ambalo sikuwaambia ni kwamba masikio yangu yalikuwa na kazi nyingine. Mama yangu, mnavyojua, alikuwa Mnyarwanda aliyeolewa Morogoro. Kabla hajafariki, mdogo wangu Neema alimrekodi kwa simu akiimba jikoni, bila yeye kujua. Ni wimbo wake mwenyewe wa jioni, wa kuita watoto. Unaanza hivi: jua linatua, wanangu wako wapi, mmoja yuko kisimani, mmoja kwa jirani. Baadaye unakuja ubeti ambao hakuna aliyeuelewa vizuri, maana Neema alikuwa amejibanza nje ya mlango na kuni zilikuwa zinalia. Yeye alisikia "Fundi, kila mkono", na yanayofuata akashindwa.

Sasa, baba yetu ni fundi seremala. Neema akaamua kwamba Mama alikuwa anamsifu Baba, na kwamba ubeti ule uimbwe siku ya harusi yake, bibi harusi atakapokwenda kumsalimia baba yake. Vijana wa kwaya walikuwa tayari. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza njiani mpaka niyapate maneno yaliyobaki, kwa sababu mimi ndiye mwenye sikio la muziki katika familia. Hayo ni maneno ya Neema, na kabla ya safari hii nilikuwa nayaamini.

Ndera hadi Rusumo

Nilitoka Ndera alfajiri kwa pikipiki nikiwa nimevaa nyeusi za Yusufu. Kosa la kwanza. Dereva wa pikipiki alinipa kofia ngumu kama sheria inavyotaka, nayo ikazisukuma zile spika ndani ya masikio mpaka nikahisi zinataka kukutana katikati. Nilifika stendi ya mabasi ya Nyabugogo nikiwa na besi ya kutosha na kichwa kinachogonga.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa makamo aliyejitambulisha kuwa Mama Solange, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa anakwenda kuchukua mzigo Dar es Salaam. Alikuwa amefunga kitambaa cha hariri kichwani na amebeba mto wake mwenyewe, kwa hiyo nilijua mara moja kwamba huyu anaijua safari. Kabla hatujafika Kayonza alikuwa ameshaniuliza nina watoto wangapi na kwa nini sina. Nilipotoa spika alizitazama akauliza, "Hiyo ekuteri yote tatu iko yako? Wewe uko na masikio mangapi?"

Nikamweleza habari yenu. Akasema watu wa ofisini wana nafasi.

Kuanzia Kayonza nilivaa nyeupe za Clarisse. Kwa raha, Clarisse, sina la kusema. Baada ya muda nilisahau kama nimevaa kitu. Tatizo ni kwamba kila nilipotafuna karanga, ya kushoto ilidondoka, na Mama Solange ndiye aliyekuwa anaiokota kwenye mikunjo ya kitenge chake, kila mara akiniangalia kama mtu anayerudisha kuku wa jirani. Sauti nayo ni nyembamba, na zinaruhusu kila kitu kuingia. Nilisikia injini, nilisikia mtoto wa viti vya nyuma, nilimsikia Mama Solange akinunua mahindi dirishani kule Kirehe. Mama yangu nilimsikia kwa mbali, kama yuko nyumba ya tatu. "Fundi kila mkoko", ndivyo nilivyosikia. Hiyo haikunisaidia.

Mpakani nikarudi kwenye nyeusi. Kosa la pili. Ofisa aliniuliza nakwenda kufanya nini Tanzania, mimi nikasikia ananiuliza jina, nikamjibu, "Deo." Akaniuliza nitakaa muda gani. Nikamjibu, "Harusi." Akaweka kalamu chini taratibu, akanionyesha masikio yangu kwa kidole. Nilizitoa. Foleni yote nyuma yangu ilikuwa inacheka, na Mama Solange alikuwa anayatafsiri majibu yangu kwa Kinyarwanda kwa ajili ya waliokuwa mbali.

Rusumo hadi Nyakanazi

Upande wa Tanzania mambo mawili hubadilika: magari huhamia kushoto na saa husogea mbele. La kwanza linamhusu dereva. La pili lilinihusu mimi, kwa sababu simu yangu ilibaki na saa ya Kigali. Dereva alitutajia saa ya kuondoka, nami nikaagiza chai na chapati nikijua muda ninao. Chapati ilikuwa ya moto, yenye matabaka, ya kuchovya, na nilikuwa nimeziba masikio kwa spika za Yusufu nikimsikiliza Mama. Basi lilipiga honi. Likapiga tena. Baadaye niliambiwa kwamba hata mbuzi waliokuwa barabarani walisogea.

Aliyenifuata ni abiria wa kiti cha mbele yetu, bwana mnene mwenye tai, aliyekuja anakimbia na kunishika bega. Tukakimbia wote wawili, mimi na chapati yangu. Jina lake Msuya, muuzaji wa vipuri aliyekuwa anarudi kwake Dodoma. Alipopata pumzi alitaka kujua ni wimbo gani mtamu kiasi cha kumfanya mtu aachwe na basi ugenini. Nikamwambia. Kumbe yeye ni mwimbaji wa sauti ya nne kanisani kwao, na jambo hili akalichukua kama la kwake.

Karibu na Nyakanazi tulikuta lori la ndizi limelala ubavu barabarani na magari yamepangana mpaka kwenye kona. Hakuna aliyeumia, dereva wake alikuwa amekaa juu ya mikungu anaongea na simu. Tukashuka. Watu wakanunua ndizi papo hapo, mama mmoja wa kijijini akaleta mihogo ya kuchemsha na chachandu, na Msuya akatangaza kwamba hapa kuna shughuli ya kufanya wakati tukisubiri.

Ndivyo wimbo wa mama yangu ulivyosikilizwa na nusu ya basi. Kila mtu alivaa nyeusi, kwa sababu Msuya alisema zenye besi ndizo za kweli. Na kwa kweli, Yusufu, kwa muziki wa dansi hizo spika zako hazina mpinzani, nilizijaribu baadaye nikatikisa kiti. Lakini sauti ya mama anayeimba taratibu jikoni zinaimeza. Kuni zinasikika kama ngoma, na maneno yanabaki mvumo. Mmoja akasema ni "fundi kila mkono, wote njiani." Mwingine akasema ni "wote mlioingia." Msichana mmoja wa chuo alishikilia kwamba anasikia "punda." Msuya akakata shauri. Fundi, alieleza akiwa ameshika muhogo, ni Muumba. Kila mkono ni kazi yake, na wote njiani ni sisi, wasafiri wa dunia. Alieleza vizuri hata dereva wa lori akakata simu asikilize.

Nikampigia Neema nikamsomea: Fundi, kila mkono, wote njiani. Nikamsikia anavuta kamasi. Alisema atawapa wanakwaya jioni hiyohiyo. Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifurahisha wakati ule: Baba alikuwa anawatengenezea kabati la vyombo kama zawadi ya harusi, na alikuwa anasubiri tu maneno kamili ayachonge kwenye mlango.

Mama Solange peke yake hakusikiliza. Alisema hawezi kutia sikioni kitu kilichotoka kwenye sikio la mwenzake, akaendelea na ndizi zake.

Nyakanazi hadi Singida

Kahama tulikula wali na maharage kwenye sahani zilizojaa mpaka ukingoni. Msuya alinifundisha kuomba "mchuzi wa kuongezea", ambao hauna malipo ukiomba kwa upole. Baada ya hapo nililala. Nilizilalia nyeusi upande mmoja na niliamka na sikio jekundu kama pilipili, kwa hiyo, Yusufu, hilo nalo liandike. Nyeupe zilikuwa zimeishiwa chaji. Nikabaki na zangu za waya.

Asubuhi tulikuwa Singida. Basi lilikuwa na hitilafu ya breki na fundi alikuwa chini yake, miguu tu inaonekana. Tulikaa kwenye benchi za mgahawa tukinywa supu ya kuku wa kienyeji, mchuzi wenye ndimu, na nikamwona Mama Solange anafuta midomo yake vizuri kabisa. Kisha akanyoosha mkono. Alisema zile za waya bado hajaona mtu akizivaa, na pia amechoka kusikia watu wazima wakibishana juu ya wimbo asioujua. Akazipangusa kwa kitambaa chake, mara mbili, akazivaa.

Nilimwangalia anavyosikiliza. Alitikisa kichwa kwa upole kwenye "jua linatua." Alitabasamu kwenye "kwa jirani." Kisha uso wake ukabadilika, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeitwa.

"Inkono gani?" akaniuliza.

Sikuelewa. Nikamwambia ni mkono. Mama Solange akavua ya sikio moja.

"Si mkono. Inkono. Chungu ya kupikia. Mama yako anasema pfundikira inkono, umwotsi urinjira. Iko anaimba, lakini anamwambia mtu: funika chungu, moshi iko naingia."

Nilizichukua, nikazivaa. Sijui niwaelezeje. Spika zenyewe ni za hovyo, waya ukigusa shati zinakwaruza, lakini sauti ya mtu inakuja mbele ya kila kitu, kavu, bila mapambo. Na pale palipokuwa na fundi, na Muumba, na wasafiri wa dunia, palikuwa na mama yangu akitoa amri kwa Kinyarwanda bila kuacha mdundo wa wimbo, kama alivyokuwa akituamrisha siku zote. Kwa kuwa mistari iliyotangulia ilikuwa ya Kiswahili, masikio yetu yote yaliendelea kusubiri Kiswahili. Miaka yote niliyokaa Kigali nimesikia watu wakiambiana wafunike maharage kwa neno hilohilo, na sikulitambua kinywani mwa mama yangu mwenyewe.

Nilicheka mpaka mwenye mgahawa akaja kuangalia. Halafu nikakumbuka kabati.

Singida hadi Dodoma

Nilimpigia Neema, simu haikupatikana. Nikampigia tena njia nzima. Kwaya ilikuwa imeshafundishwa jana. Baba, kwa ninavyomfahamu, akipata maneno jioni anaanza kuchonga kabla ya chai ya asubuhi.

Msuya alipokea habari vibaya. Aliangalia mbuyu unapita dirishani, kisha akasema kwamba maelezo yake bado yanasimama, maana hata chungu kimefinyangwa na fundi. Mama Solange akamwambia apumzike. Mimi nikawauliza nifanye nini. Msuya alisema ukweli usemwe, kwa sababu uongo ukiimbwa kwa sauti nne unakuwa uongo mara nne. Mama Solange akaona tofauti.

"Baba yako amefiwa," alisema. "Mtu alimwambia mke wake alikuwa anamsifu. Wewe unataka kumwambia alikuwa anasema chungu? Nyamaza, mwana wanjye. Kuimba iko kuimba."

Msuya alishuka Dodoma na kuninunulia mfuko wa zabibu, akanipitishia dirishani. Aliniomba nimjulishe iliishaje. Zabibu zilikuwa tamu, nami sikuzisikia ladha.

Dodoma hadi Morogoro

Kipande hiki nilikipita bila kitu masikioni, na kwa kusema kweli ndicho kilichokuwa na raha kuliko vyote. Gairo tulinunua karoti zenye majani yake. Mama Solange alinieleza habari za mume wake, ambaye naye ni marehemu, na jinsi alivyokuwa hawezi kufunga mlango wa kabati hata umwambieje, na jinsi sasa yeye mjane anavyoufunga mwenyewe bila mtu wa kumlaumu. Sikumwuliza zaidi. Tulipoona milima ya Uluguru alinipa nusu ya karoti zake na kunisisitizia ninyamaze.

Nyumbani

Neema alinipokea getini, mikono yake imejaa hina. Nikamvuta pembeni nikamwambia palepale, maana mimi kunyamaza sijajaliwa. Kwanza hakuamini. Nikampa spika za waya. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini kwenye ngazi na hina yake, akacheka, akalia, akacheka tena. Halafu akanishika mkono na kunipaka hina yote kwenye shati, akaniambia Baba asijue. Kabati lilikuwa limekwisha. Akanionyesha: mninga safi, milango miwili, na juu yake herufi zilizochongwa kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. FUNDI KILA MKONO. WOTE NJIANI.

Nilikubali kunyamaza. Nilifaulu mpaka chakula cha jioni.

Baba aliona waya unaning'inia mfukoni mwangu. Akauliza kama hizo ndizo nilizosikilizia. Neema akaniangalia. Nikasema ndizo. Akanawa mikono, akaomba na yeye asikie, kwa sababu yeye wimbo huo alikuwa ameusikia kwenye spika ya simu tu, na masikio yake, baada ya miaka ya msumeno, hayashiki tena vitu vidogo. Nilimvisha. Nikamwongezea sauti mpaka mwisho.

Baba alisikiliza amefumba macho. Ulipopita ule ubeti, aliyafumbua. Akaomba nirudie. Nikarudia. Neema alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Baba akainua kidole, kama anayesubiri kitu, kisha akakishusha.

"Hapo," alisema. "Umesikia hicho kishindo? Ni mimi. Nimefunika."

Hakuna aliyekuwa amejua kwamba alikuwemo jikoni. Kinyarwanda cha Baba hakifiki maneno hamsini, lakini yote ni ya jikoni, na hilo alikuwa nalo. Baada ya kishindo, alituambia, kuna sauti yake inasema "haya, mama Deo." Nilisikiliza tena. Ipo. Kwa nyeupe haisikiki, kwa nyeusi haisikiki. Ilikuwa imekaa humo wakati wote sisi tukimtafuta Muumba.

Baba hakuhuzunika hata kidogo. Alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika, akafuta macho kwa kiganja. Alisema Mama hakuwahi kumzoeza sifa, na zile za kusifiwa ghafla baada ya kufa zilikuwa zinamtia wasiwasi. Kuhusu kabati, hakuligusa. Ni la vyombo, alisema, vyungu vitakaa humo, kwa hiyo maneno hayajapotea njia sana. Kisha akamwambia Neema kwaya iimbe alivyoimba mwenyewe, kwa Kinyarwanda chake. Vijana wa kwaya, Waluguru watupu, walijifunza "pfundikira" asubuhi ya harusi, na ile "pf" ilirusha mate mengi kabla haijakaa sawa.

Hukumu yenu sasa. Wa kusafiri na kusahau dunia achukue nyeupe, mradi asitafune. Wa kucheza dansi achukue nyeusi, mradi asilalie sikio na asivuke mpaka. Wa kusikia mtu anachosema achukue za waya. Clarisse, usinung'unike.

Harusi ilikuwa ya watu wengi kuliko viti. Neema alipokwenda kumsalimia Baba, kwaya ikaanza. Jua linatua, wanangu wako wapi. Watu wakatulia. Ulipofika ule ubeti, meza ya mama zetu wadogo waliotoka Ngara, karibu na mpaka wa Rwanda, ilishangaa kwanza, kisha ikaangua kicheko, mmoja wao akigonga meza na kusema "yego, yego," yaani ndiyo, ndiyo. Upande wa bwana harusi, ambako hakuna ajuaye neno la Kinyarwanda, walidhani ni sala. Waliinamisha vichwa. Baba mkwe wa Neema alifumba macho, na ubeti ulipokwisha akasema amina kwa sauti nzito, na meza yake yote ikamfuata.

Baadaye alikuja kumshika Baba mkono. Alisema maneno yale yamemgusa sana, hakuyaelewa lakini yameingia, na akauliza kama marehemu alikuwa akiyaimba mara nyingi.

Baba akamjibu kwa heshima zote kwamba alikuwa akimwambia maneno yale karibu kila jioni.